Mimea inayotambaa ukutani: Jua inavyoshika kabla hujapanda

Ukuta mtupu wa tofali au uzio wa seng'enge unaweza kufunikwa na kijani kibichi ndani ya misimu michache. Shida ni kwamba wengi wetu tunachagua mmea kwa kuangalia maua. Kinachoamua usalama wa ukuta wako ni namna mmea wenyewe unavyojishikilia. Kuna aina tatu kubwa.

Inayojigandisha
Mfano ni Ficus pumila, ule wenye vijani vidogo vilivyobana ukutani. Ni ndugu wa mtini, asili yake Asia Mashariki. Hutoa vijizizi vinavyoganda kwenye plasta, hivyo hauhitaji waya wala kamba. Lakini ukiung'oa, unaweza kuondoka na rangi, na alama za mizizi zinabaki. Usipoupogoa, matawi hunenepa na kusogea mbali na ukuta. Kama ukuta una nyufa au plasta imelegea, achana nao.

Yenye vikono
Hapa kuna pasheni. Vikono vyake vyembamba hujizungusha kama springi, ila haviwezi kushika ukuta laini. Wekea waya au wavu. Pasheni ya njano huvumilia joto la Pwani, ya zambarau hupenda nyanda za juu zenye ubaridi. Unapata kivuli na juisi pia.

Inayoegemea
Bogenvilia, kutoka Amerika Kusini, haigandi wala haina vikono. Inajiegemeza kwa miiba, kwa hiyo lazima uifunge mwenyewe. Zile rangi unazoziona ni majani maalumu. Ua lenyewe ni dogo, katikati. Ipe jua la kutosha na usiizidishie maji, la sivyo utavuna majani matupu. Miiba yake inawapa shida wadokozi, ila na wewe vaa glavu ukipogoa.

Una fensi ya umeme?
Usiache tawi liguse nyaya. Likigusa, hasa likiwa limelowa mvua, umeme huvuja kwenda ardhini. Fensi inapungua nguvu na alamu inaweza kulia bure usiku. Zima fensi kwanza ndipo upogoe.

Kwa hiyo ukifika kwa muuza miche, kabla ya kuuliza bei, uliza: "Huu unashikaje?"