Mafuta ya Nazi, Michirizi na Makovu: Habari Toka Enzi za Bibi Zetu

Wanachama wenzangu pamoja na ninyi mnaotuunga mkono, katika miaka hii kumi ya chama chetu wengi wetu mkopo wa kwanza tuliuingiza kwenye nazi. Tukapika mafuta, tukauza kwa chupa. Na mnunuzi, hasa mwenye mimba ya kwanza, swali lake ni lile lile: "Shoga, haya yanatoa michirizi?" Kwa hiyo imeonekana vema habari za mafuta haya ziingie katika kijitabu hiki, maana jibu tunalompa mama huyo ndilo litakalomrudisha kwetu au kumpeleka kwa wauza mkorogo.

Kupika mafuta ya nazi huku pwani hakuna asiyekujua. Nazi iliyokomaa hukunwa kwa mbuzi, tui likakamuliwa kwa kifumbu, likachemshwa kwa moto wa taratibu mpaka maji yaishe na mafuta yaelee juu ya mashapo. Ukiwa na haraka yanaungua, na mafuta ya kuungua nani ajipake? Ufuta ulikuwa na kazi yake nyingine. Unguja na Lamu ngamia alizungushwa kutwa kwenye kinu cha kushindikia. Mafuta hayo yalitembea na mwanamke maisha yake yote: mwari alisingwa na somo yake kwa liwa na manjano, mzazi alikandwa katika zile siku arobaini, mtoto alipakwa akitoka kuogeshwa. Tumbo la mimba nalo lilipakwa, eti ngozi ikilainika haichaniki.

Karne ya 19 mali hiyo ikaanza kusafiri mbali. Ufaransa ilifanya mkataba wa biashara na Sultani wa Zanzibar mwaka 1844, na wafanyabiashara wa Marseille wakawa wananunua ufuta na mbata kwa ajili ya viwanda vyao vya sabuni. Huko Marekani, Robert Chesebrough aliandikisha hati ya Vaseline mwaka 1872, mafuta yatokanayo na petroli, nayo hadi leo yamo katika nyumba zetu. Hayo hayakuwa na ubaya.

Balaa lilikuja na krimu na sabuni za kung'arisha ngozi, zilizosifiwa kuwa zinaondoa madoa na makovu, kumbe ndani yake mna zebaki. Mwaka 1972 madaktari wa Nairobi walichapisha katika jarida la British Medical Journal habari za wagonjwa 60 wenye maradhi ya figo, miili imevimba. Zaidi ya nusu yao walikuwa wakitumia krimu za zebaki. Sasa angalia hili. Nchi za Jumuiya ya Ulaya zilizuia zebaki katika sabuni na krimu za ngozi kwao mwaka 1976, lakini ruhusa ya kutengeneza sabuni hizo na kuziuza nje, Afrika ikiwemo, ilikuja kufungwa mwaka 2003. Miaka 27 hiyo! Ngozi yao ilikuwa na thamani, yetu je?

Turudi kwenye swali la mnunuzi. Michirizi hutokea katika tabaka la ndani la ngozi, pale nyuzi zinazoishikilia zinapovutwa kupita kiasi, na homoni za mimba nazo zina mchango wake. Mafuta tunayopaka hubaki zaidi juu. Mwaka 2012 shirika la Cochrane lilikusanya majaribio 6 yenye wanawake 800, baadhi yao wakipakwa siagi ya kakao au mafuta ya zeituni, na halikupata ushahidi mzuri kwamba kupaka kunazuia michirizi. Basi tukimwambia mama kwamba chupa yetu inafuta michirizi tutakuwa tumemdanganya. Tena michirizi mipya yenye rangi nzito hufifia yenyewe kadiri miezi inavyopita, ndiyo maana kila muuza mafuta ana mashahidi wake!

Lakini bibi zetu hawakupoteza nazi bure. Ngozi ya tumbo inayovutika huwasha na kukauka, na mafuta yanaituliza. Kovu ambalo kidonda chake kimekwisha fumba kabisa, ukilikanda taratibu kila siku kwa wiki nyingi, hulainika. Hata kidonda chenyewe hakipendi ukavu: mwaka 1962 George Winter alionyesha kwa nguruwe kwamba kidonda kilichofunikwa kikabaki na unyevu hujifunika ngozi mpya upesi kuliko kilichoachwa kikauke. Kwa mkwaruzo mdogo uliosafishwa, Vaseline safi na kitambaa safi vinatosha. Mafuta yetu ya jikoni tusiyaweke kwenye kidonda kibichi. Na aliyeungua moto asipakwe mafuta wala dawa ya meno. Ni maji baridi ya bomba yakimwagika dakika 20, kisha hospitali ikiwa pameungua sana.

Liko pia kovu linalotuna na kuvuka mipaka ya kidonda, keloidi, ambalo sisi wenye ngozi nyeusi hutupata zaidi kuliko weupe, mara nyingi kwenye tundu la hereni. Hilo mafuta hayaliwezi. Anayekuja nalo kwenye meza yetu tusimuuzie chupa, tumwelekeze kwa daktari wa ngozi, ambako huchomwa sindano ndani ya kovu lenyewe, zaidi ya mara moja, mpaka lishuke.