Posta ya Gairo Kabla ya Nyumba ya Posta

Atafutaye mwanzo wa posta ya Gairo asianze na nyumba; aanze na tarishi. Wamisionari wa Kiingereza waliokaa Mamboya, katika nchi ya Wakaguru, katika miaka ya 1880, walipeleka barua zao pwani kwa watu wa miguu, nazo zikavushwa hata Unguja, ambako posta ya Serikali ya Uhindi ilikuwako tangu mwaka 1875. Wajerumani walifungua posta zao Bagamoyo na Dar es Salaam mwaka 1890. Mwaka 1893 stempu zao zilipigwa chapa ya pesa, 64 kwa rupia. Hata dola ya Kaizari ililazimika kufuata hesabu ya sokoni.

Kisha ikaja reli. Ilifika Morogoro mwaka 1907, ikapita Kilosa kwenda Dodoma, ikaiacha Gairo kaskazini, juu nyandani. Hapa ndipo penye uzito wa habari hii: njia ya misafara iliwaweka Wakaguru karibu na barua, reli ikawaweka mbali nazo. Barua ya kijana aliyekwenda kukata mkonge Morogoro ilipanda gari moshi hata Kilosa. Toka hapo ilimngoja mpandaji. Nayo Gairo ilikaa chini ya Kilosa hata ilipofanywa wilaya, mwaka 2012.