27 Agosti

Tarehe 27 Agosti ni siku ya 239 ya mwaka katika kalenda ya Gregori, na ya 240 katika mwaka mrefu. Zinabaki siku 126 mwaka kwisha. Katika historia ya Afrika Mashariki siku hii inatajwa zaidi kwa mambo mawili: kupigwa mizinga kwa jumba la Sultani wa Unguja mwaka 1896, na kuzinduliwa kwa Katiba mpya ya Kenya mwaka 2010. Ni siku pia waliyofariki W. E. B. Du Bois (1963) na Haile Selassie, mfalme wa mwisho wa Ethiopia (1975).

Matukio

Vita vya Unguja, 1896

Vitabu vya rekodi huvitaja vita hivi kwa sababu moja tu, kwamba ni vifupi kuliko vyote vilivyopata kuandikwa. Vilidumu dakika 38 kwa hesabu ya wengine, na hadi 45 kwa hesabu ya wengine. Sifa hiyo ya ufupi imeenea mno, hata imefunika jambo lililo zito zaidi: watu wapatao 500 walikufa au kujeruhiwa asubuhi moja katika eneo dogo la ufukwe wa Mji Mkongwe, na kiti cha usultani kikapoteza uhuru mdogo kiliokuwa kimebaki nao.

Chanzo chake kiko katika mkataba wa 1890, ambamo Uingereza na Ujerumani ziliwekeana mipaka ya maeneo yao Afrika Mashariki. Ujerumani ilipata kisiwa cha Heligoland katika Bahari ya Kaskazini, nazo Unguja na Pemba zikawa nchi lindwa ya Uingereza. Mwaka huohuo Sultani Ali bin Said alikubali kwamba hatatawazwa mrithi yeyote bila ridhaa ya Waingereza. Alipofariki mwaka 1893, Khalid bin Barghash, mtoto wa Sultani Barghash aliyejenga jumba la Beit al-Ajaib, aliingia jumbani kudai kiti, lakini alishawishiwa kutoka. Waingereza wakamtawaza Hamad bin Thuwaini.

Hamad naye alifariki ghafla tarehe 25 Agosti 1896, kabla ya adhuhuri. Uvumi kwamba amelishwa sumu ulienea mjini, ila haukuthibitishwa. Safari hii Khalid hakukubali kurudi nyuma. Aliingia jumbani siku ileile, akapandisha bendera nyekundu na kujitangaza Sultani. Kwa desturi za ukoo wa Al Said hoja yake ilikuwa na uzito, kwa kuwa alikuwa mtoto wa mfalme na wafuasi wake walikuwa wengi. Waingereza walimtaka Hamoud bin Mohammed, mtu mzima waliyemwona msikivu kwao.

Katika muda wa siku mbili walikusanyika jumbani watu wapatao 2,800, miongoni mwao askari wa Sultani, watumishi, watumwa na raia wa mjini waliopewa silaha. Mizinga yao ilikuwa michache, na miwili kati yake ilikuwa zawadi ya Kaisari wa Ujerumani. Baharini walikuwa na merikebu moja tu, Glasgow, iliyojengwa kwa amri ya Sultani Barghash na ambayo haikuwa ya vita vya kweli. Upande wa pili zilijipanga manowari tano za Kiingereza: Philomel, Thrush, Sparrow, Racoon, na St George iliyomleta Admirali Harry Rawson tarehe 26. Nchi kavu walikuwako askari wa serikali waliomtii Lloyd Mathews, Mwingereza aliyekuwa waziri mkuu wa Unguja.

Konsuli Basil Cave alimpa Khalid muda hadi saa 3:00 asubuhi ya tarehe 27 ashushe bendera na kutoka. Asubuhi hiyo Khalid alituma ujumbe kwamba bendera haitashushwa na kwamba haamini kuwa Waingereza watafyatua. Saa 3:02 mizinga ikaanza. Kombora la kwanza la Thrush liliung'oa mzinga mmoja wa jumbani kutoka kwenye gurudumu lake. Kuta za jumba la Beit al-Hukm na majengo ya jirani zilikuwa na mbao nyingi, zikawaka na kuwaangukia waliojificha nyuma yake. Glasgow ilijibu kwa mizinga midogo, ikazamishwa bandarini. Milingoti yake ilibaki imechomoza majini miaka mingi, hadi mabaki yake yalipovunjwavunjwa mwaka 1912. Ilipofika saa 3:40 hivi bendera ya Sultani ilikuwa imeanguka, na mizinga ikanyamaza. Kwa Waingereza alijeruhiwa baharia mmoja, ndani ya Thrush. Mjini maduka ya Wahindi yaliporwa, hadi askari wa Kisingasinga walipoletwa kutoka Mombasa kutuliza fujo.

Khalid alikimbilia ubalozi mdogo wa Ujerumani pamoja na wafuasi wachache. Wajerumani walikataa kumtoa, na Waingereza wakaweka walinzi mlangoni wamkamate atakapokanyaga ardhi ya Unguja. Tarehe 2 Oktoba, maji ya bamvua yalipojaa hadi kwenye mlango wa bahari wa ubalozi, mashua ya manowari Seeadler ilisogea pale pale, Khalid akaingia bila kugusa ufukwe. Alipelekwa Dar es Salaam, akaishi huko hadi Waingereza walipomkamata mwaka 1916 katika Vita Vikuu vya Kwanza. Alihamishiwa Shelisheli na St Helena, kisha akaruhusiwa kurudi Afrika Mashariki. Alifariki Mombasa mwaka 1927.

Hamoud alitawazwa siku ileile ya vita. Wafuasi wa Khalid walilazimishwa kulipa fidia ya rupia 300,000, iliyojumuisha gharama ya makombora waliyopigwa nayo. Katika habari zote za vita hivi, hakuna inayoonyesha dhuluma ya zama zile waziwazi kuliko hii. Mwaka 1897 Hamoud alitia saini amri ya kuondoa hadhi ya kisheria ya utumwa Unguja na Pemba, jambo jema ambalo Waingereza walilisukuma kwa muda mrefu, ingawa walioachwa huru walitakiwa kujitokeza wenyewe kuomba uhuru, na masuria hawakuingizwa hadi mwaka 1909.

Beit al-Ajaib ilipona kwa sehemu kubwa. Mnara uliokuwa mbele yake uliharibiwa, na baadaye ukajengwa mnara wa saa juu ya jumba lenyewe. Sehemu ya jumba hilo, pamoja na mnara huo, iliporomoka tarehe 25 Desemba 2020.

Mlipuko wa Krakatau, 1883

Volkano ya Krakatau, katika mlango-bahari wa Sunda kati ya Java na Sumatra, ilifikia kilele chake asubuhi ya 27 Agosti 1883 kwa milipuko minne mikubwa. Sauti ilisikika hadi kisiwa cha Rodrigues karibu na Morisi, umbali wa kilomita 4,800 hivi, na mkuu wa polisi wa huko aliandika kwamba aliidhani kuwa mizinga kutoka mashariki. Zaidi ya watu 36,000 walikufa, wengi wao kwa mawimbi ya tsunami yaliyozidi kimo cha meta 30. Theluthi mbili hivi za kisiwa zilizama. Vumbi lililopanda angani lilibadilisha rangi ya machweo duniani kote kwa miezi mingi na kupunguza joto la dunia. Mawe mepesi ya volkano hiyo yalielea kuvuka Bahari ya Hindi na kutupwa kwenye fukwe za Afrika Mashariki mwaka uliofuata. Mwaka 1927 volkano mpya, Anak Krakatau, ilianza kuchomoza mahali palepale.

Katiba ya Kenya, 2010

Siku ya Ijumaa, 27 Agosti 2010, Rais Mwai Kibaki alitia saini na kuzindua Katiba mpya katika bustani ya Uhuru Park, Nairobi, mbele ya umati mkubwa. Kura ya maamuzi ilikuwa imefanyika tarehe 4 Agosti, na thuluthi mbili ya wapiga kura walisema "Ndiyo". Rasimu ya kwanza, ile iliyopigiwa kura kwa alama za ndizi na chungwa mwaka 2005, ilikataliwa. Kilichorudisha shughuli hiyo mezani kwa haraka ni umwagaji damu uliofuata uchaguzi wa Desemba 2007, ambapo zaidi ya watu 1,000 waliuawa, na mapatano yaliyosimamiwa na Kofi Annan mwanzoni mwa 2008. Kamati ya Wataalamu iliyoandaa rasimu iliongozwa na wakili Nzamba Kitonga.

Katiba ina sura 18 na ibara 264. Iliunda kaunti 47 zenye magavana na mabunge yao, ikarudisha Seneti iliyokuwa imefutwa miaka ya 1960, ikaanzisha Mahakama ya Upeo, ikafuta nafasi ya waziri mkuu iliyotokana na mapatano ya 2008, na ikaweka Sheria ya Haki iliyo pana kuliko nyingi barani. Ibara ya 7 inakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa, na pia lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Kanuni kwamba wa jinsia moja wasizidi theluthi mbili katika vyombo vya kuchaguliwa imeendelea kukiukwa na Bunge lenyewe.

Sherehe ilitiwa doa na kuwapo kwa Rais Omar al-Bashir wa Sudan, aliyekuwa akitafutwa na Mahakama ya Kimataifa ya Jinai. Kenya, mwanachama wa mahakama hiyo, haikumkamata.

Matukio mengine

1776 – Jeshi la Uingereza linamshinda George Washington katika mapigano ya Long Island.

1828 – Brazili na Argentina zinatambua uhuru wa Uruguay.

1859 – Edwin Drake anapata mafuta kwenye kisima alichochimba Titusville, Pennsylvania, kwa kina cha meta 21 hivi. Biashara ya mafuta ya petroli Marekani huhesabiwa kuanzia hapo.

1916 – Romania inaingia Vita Vikuu vya Kwanza kwa kutangaza vita dhidi ya Austria-Hungaria.

1928 – Mkataba wa Kellogg-Briand wa kukataza vita unatiwa saini Paris.

1939 – Ndege ya kwanza ya jeti, Heinkel He 178, inaruka Ujerumani ikiendeshwa na Erich Warsitz.

1962 – Chombo Mariner 2 kinarushwa kwenda Zuhura.

1991 – Moldova inajitangazia uhuru kutoka Umoja wa Kisovyeti.

2003 – Mirihi inaikaribia Dunia kuliko wakati wowote katika miaka takriban 60,000, kwa umbali wa kilomita milioni 56 hivi.

Waliozaliwa

1770 – Georg Wilhelm Friedrich Hegel, mwanafalsafa Mjerumani. Katika mihadhara yake juu ya falsafa ya historia aliitoa Afrika nje ya historia ya dunia, hukumu aliyoitoa bila kukanyaga bara hilo, na ambayo vizazi vya wanahistoria wa Kiafrika vimelazimika kuijibu.

1874 – Carl Bosch, mwanakemia Mjerumani. Njia yake na Fritz Haber ya kutengeneza amonia ndiyo msingi wa mbolea za viwandani. Tuzo ya Nobel 1931.

1877 – Charles Rolls, mmoja wa waanzilishi wa kampuni ya Rolls-Royce.

1890 – Man Ray, mpiga picha na msanii Mmarekani.

1908 – Lyndon B. Johnson, Rais wa Marekani aliyetia saini Sheria ya Haki za Kiraia ya 1964 na Sheria ya Haki ya Kupiga Kura ya 1965.

1908 – Don Bradman, mchezaji wa kriketi wa Australia, mwenye wastani wa 99.94 katika mechi za kimataifa.

1909 – Lester Young, mpiga saksafoni wa jazi.

Waliofariki

1576 – Titian, mchoraji wa Venisi.

1635 – Lope de Vega, mtunzi wa tamthilia wa Hispania.

1963 – W. E. B. Du Bois, mwanazuoni na baba wa vuguvugu la Umajumui wa Afrika, Accra, akiwa na umri wa miaka 95. Kwame Nkrumah alikuwa amemwalika Ghana kusimamia kazi ya kamusi elezo ya Afrika, naye akahamia huko mwaka 1961 na baadaye kuwa raia wa Ghana. Alikuwa mlezi mashuhuri wa Mkutano wa tano wa Umajumui uliofanyika Manchester mwaka 1945, ambako Nkrumah na Jomo Kenyatta walikuwa miongoni mwa waandaaji. Kifo chake kilitangazwa kwa mamia ya maelfu ya waandamanaji wa Washington siku iliyofuata, kabla ya Martin Luther King kuhutubia. Alizikwa kwa heshima za kitaifa, na nyumba yake ya Accra ni makumbusho.

1965 – Le Corbusier, msanifu majengo.

1975 – Haile Selassie, Addis Ababa, akiwa na umri wa miaka 83. Alikuwa ameondolewa madarakani na Derg, baraza la wanajeshi, tarehe 12 Septemba 1974 na kuwekwa kizuizini katika jumba lake mwenyewe. Serikali ilitangaza kwamba amekufa kwa ugonjwa. Baada ya Derg kuanguka, mahakama za Ethiopia zilisikiliza ushahidi kwamba alinyongwa kitandani. Mifupa yake ilifukuliwa mwaka 1992 katika viwanja vya jumba hilo, ilikokuwa imefichwa chini ya choo, na ikazikwa katika Kanisa Kuu la Utatu Mtakatifu tarehe 5 Novemba 2000. Umoja wa Nchi Huru za Afrika uliundwa mjini mwake mwaka 1963, na Warastafari duniani kote wanamtukuza.

1976 – Mukesh, mwimbaji wa sinema za Kihindi, Detroit, akiwa katika ziara ya muziki. Sauti yake katika filamu za Raj Kapoor ilipendwa sana na watazamaji wa sinema wa Unguja na mwambao.

1979 – Louis Mountbatten, mtawala wa mwisho wa Kiingereza nchini India, kwa bomu la IRA katika mashua yake pwani ya Ireland. Siku hiyohiyo askari 18 wa Uingereza waliuawa Warrenpoint.

1990 – Stevie Ray Vaughan, mpiga gitaa, katika ajali ya helikopta.

Sikukuu

Kanisa Katoliki humkumbuka Mtakatifu Monika, mzaliwa wa Tagaste katika Algeria ya leo, mama wa Agostino wa Hippo, aliyefariki Ostia mwaka 387. Wanawake Wakatoliki wengi wa Afrika Mashariki humchukua kuwa somo wao. Moldova huadhimisha siku ya uhuru wake. Mwaka 2025 Kenya ilitangaza 27 Agosti kuwa Siku ya Katiba, itakayoadhimishwa kila mwaka bila kuwa siku ya mapumziko.