Edward Northey

Sir Edward Northey (28 Mei 1868 – 25 Desemba 1953) alikuwa jenerali wa jeshi la Uingereza. Aliteka Tukuyu kutoka kwa Wajerumani mwaka 1916, kisha akawa gavana wa Kenya kuanzia 1919 hadi 1922.

Vita katika Unyakyusa

Northey alitoka kikosi cha King's Royal Rifle Corps na aliwahi kupigana katika Vita ya Pili ya Makaburu. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia alipewa amri juu ya majeshi ya Uingereza kwenye mpaka wa Nyasaland (leo Malawi) na Rhodesia ya Kaskazini (leo Zambia).

Mwishoni mwa Mei 1916 askari wake walivuka mpaka kwa safu nne. Lengo la karibu lilikuwa Neu Langenburg, makao makuu ya Wajerumani katika milima ya Rungwe. Wajerumani walirudi nyuma, na mji ukatekwa bila mapigano makubwa. Baada ya vita jina la Kijerumani liliachwa, ukabaki Tukuyu. Kutoka hapo Northey alisonga mbele hadi Iringa na Songea.

Jeshi hilo lilitembea kwa miguu ya wapagazi. Barabara za magari zilikuwa chache, kwa hiyo chakula na risasi vilibebwa vichwani, na wapagazi wengi walikufa kwa magonjwa na uchovu. Historia za kijeshi huwataja kwa ufupi kuliko maofisa.

Gavana wa Kenya

Majenerali kama George Washington, Ulysses S. Grant na Dwight D. Eisenhower walifika urais wa Marekani kwa uchaguzi. Northey aliteuliwa na London, na Waafrika aliowatawala hawakuulizwa. Pamoja na ugavana alikuwa pia kamishna mkuu wa Zanzibar.

Alipendelea walowezi waziwazi. Askari Wazungu waliotoka vitani walipewa mashamba, mengine kwenye ardhi ya Wanandi. Mnamo Oktoba 1919 serikali yake ilitoa waraka uliowataka maofisa na machifu kuwahimiza vijana wakafanye kazi katika mashamba ya walowezi. Wanawake na watoto walioishi karibu na mashamba walitajwa pia. Kwa chifu wa wakati ule, kuhimiza na kulazimisha vilikuwa karibu kitu kimoja. Wamisionari walilalamika, na mwaka 1921 Winston Churchill, waziri wa makoloni, alizuia maofisa kuwatafutia walowezi vibarua.

Chini yake pia sheria ya kipande, iliyopitishwa mwaka 1915, ilianza kutekelezwa: mwanamume Mwafrika alipaswa kubeba cheti chenye alama za vidole na kumbukumbu za kazi yake. Mwaka 1920 eneo lililokuwa nchi lindwa likawa Koloni la Kenya.

Harry Thuku alipinga kipande, kodi na kazi ya lazima. Alikamatwa Machi 1922, na tarehe 16 polisi walifyatulia risasi umati uliokusanyika Nairobi kudai aachiliwe. Serikali ilihesabu 21 waliouawa. Wengine walitaja idadi kubwa zaidi. Mmojawapo alikuwa Mary Muthoni Nyanjiru, aliyewakemea wanaume waliotaka kurudi nyumbani.

Northey aliondolewa mwaka huohuo, na Robert Coryndon akashika nafasi yake. Alipofariki mwaka 1953, Kenya ilikuwa chini ya hali ya hatari kutokana na vita ya Mau Mau.