Sala na Subira katika Misheni ya Rabai, 1844–1875

Waandishi wengi wa historia ya Ukristo katika pwani ya Kenya wamezoea kukitaja kipindi cha Rabai kabla ya 1875 kama kipindi cha kushindwa. Hoja yao ni ya hesabu: miaka mingi, waongofu wachache. Hesabu hiyo si ya uongo, ila haielezi kwa nini watu wale hawakuondoka.

Johann Ludwig Krapf na Johannes Rebmann walikuwa wenyeji wa Württemberg, Ujerumani, nao walilelewa katika madhehebu ya Wapietisti, ambao kwao sala haikuwa hirizi ya kuharakisha mambo. Mwenye kusali alitakiwa aendelee kuomba na wakati huohuo amwachie Mungu saa ya kujibu. Fundisho hilo lilijaribiwa mapema. Krapf alifika Mombasa mwaka 1844. Mwezi wa Julai mkewe, Rosine, alifariki, na binti yao mchanga naye akafa. Krapf aliiarifu halmashauri ya misheni huko London kwamba kaburi lile ni ishara ya kazi iliyokwisha kuanza. Mtu aweza kuyaona maneno hayo kuwa makavu. Hata hivyo, aliyeyaandika hakufunga safari ya kurudi kwao.

Rebmann alimfuata mwaka 1846, wakahamia Rabai. Mwaka 1851 alibatizwa Mringe, kilema aliyekuwa karibu na kufa. Krapf aliondoka mwaka 1853 kwa sababu ya afya. Rebmann akabaki hadi 1875. Kungoja kwake hakukuwa kukaa bure. Kutoka kwa Salimini, mtu wa nchi ya Nyasa aliyekuwa ametekwa utumwani, alikusanya msamiati wa Kinyasa, na kamusi yake ikachapishwa mwaka 1877. Wasaidizi nao walitokea upande usiotazamiwa: mwaka 1864 walikuja akina George David, Waafrika waliokombolewa utumwani wakasomeshwa Bara Hindi. Rebmann aliwaombea majirani zake, na msaada ukatoka ng'ambo ya bahari.

Kwa mwanafunzi wa lugha, jambo hili lina upande mwingine. Kitenzi kuomba hutumika kwa mtu anayeomba moto kwa jirani na kwa mtu anayemwelekea Mungu. Sala na dua ni maneno yaliyokuwa tayari midomoni mwa Waislamu wa pwani. Nalo neno tamaa, ambalo mara nyingi ni la lawama, hugeuka kuwa tumaini pindi linapofuata kitenzi kukata. Ndiyo maana Kiswahili kina njia fupi ya kueleza shabaha ya mfano wa mjane katika Luka 18: kuomba bila kukata tamaa. Katika tafsiri ya Biblia iliyochapishwa mwaka 1952, hakimu dhalimu wa mfano huo ameitwa kadhi. Msikilizaji wa pwani humwona mara moja mjane akienda na kurudi kudai haki yake. Lakini mfano hujengwa juu ya tofauti, wala si juu ya ulinganifu: kadhi hutoa haki kwa kuchoshwa, ilhali Mungu hachoshwi, kwa hiyo udumifu wa mwombaji hutokana na kumwamini anayeombwa. Haifai kusahau, pamoja na hayo, kwamba kadhi wa kwanza katika historia ya Biblia ya Kiswahili alikuwa msaidizi mwema. Krapf alipoanza kufasiri kitabu cha Mwanzo, Juni 1844, aliyemsaidia alikuwa Sheikh Ali bin Modehin, kadhi wa Mombasa.

Mwaka 1875 makao ya watumwa waliokombolewa yalianzishwa Freretown, na idadi ya Wakristo ikaanza kukua. Mwaka huohuo Rebmann, akiwa kipofu, alirudi Ujerumani. Alifariki Korntal mwaka 1876. Krapf alikutwa amekufa mjini humo Novemba 1881, amepiga magoti kando ya kitanda chake. Kamusi yake ya Kiswahili ilitoka mwaka uliofuata.