Faida ya nani? Duka la Mhindi na hasira zetu za leo

Kabla hatujaanza kurushiana matusi tena hapa, niulize kitu. Ukisikia "wageni wanatunyonya", unakasirikia kunyonywa ama unamkasirikia mgeni? Hili swali tulilikwepa 1967 na bado tunalikwepa.

Kumbukeni tulikotoka. Mkoloni alimzuia Mwafrika kulima kahawa sehemu nyingi za nchi hadi miaka ya 50. Mkopo wa benki ulikuwa ndoto. Duka la mji mdogo lilikuwa la Mhindi. Uhuru ulipokuja, neno "faida" lilikuwa tayari na rangi ya ngozi. Si ajabu.

Wakazi wengi wa asili ya Kihindi walipewa miaka miwili ya kuomba uraia, na wengi wakasitasita. Halafu 1967 ikaja sheria ya leseni za biashara: asiye raia asiuze nje ya maeneo fulani ya miji, na asiguse bidhaa kama mahindi, mchele na sukari. Mapema 1968 watu walikuwa wanajaza ndege kwenda Uingereza, hadi Bunge la huko likapitisha, kwa siku tatu tu, sheria ya kuwafungia mlango.

Sheria yetu ilisema "raia". Mtaani watu walisikia "mweusi".

Halafu 1971 tume ya serikali ikapendekeza watumishi wa umma waruhusiwe kufanya biashara, na wakaruhusiwa. Yaani anayegonga muhuri wa leseni anaweza kuwa na duka lake. Kwa maoni yangu hapo ndipo tungepiga kelele kweli kweli. Lakini hiyo ilikuwa faida ya "watu wetu", basi ikapita.

2023 wafanyabiashara waliandamana Nairobi wakitaka wauzaji Wachina waondoke. Siwacheki, kodi ya duka inauma. Ila siku hizo hizo wanunuzi, Wakenya pia, walikuwa wamefurika kwenye duka la Wachina kwa sababu ya bei.

Babu yangu angewaelewa wote wawili. Yeye alikuwa kati ya waliopata duka enzi zile za leseni, na kijiji kizima kilishangilia. Lakini mwenye duka wa kwanza alikuwa akichukua mali kwa mkopo kutoka kwa binamu yake wa jumla, anawakopesha wakulima, anangoja mavuno. Serikali ilikuwa imeunda Kenya National Trading Corporation mwaka 1965 ili watu kama babu wapate mali. Sawa, lakini shirika si binamu. Babu alilipa taslimu, kwa hivyo akauza taslimu, na akaongeza senti kadhaa juu.

Haukupita mwaka wakaanza kumwita "Mhindi mweusi". Ni wale wale walioshangilia. Alipofunga duka, alibaki na daftari la madeni ya majirani, na nusu ya majina yaliyomo ni ya ukoo wetu.