Mafuta Yanayokimbia: Kwa Nini Dashibodi Hupasuka

Mjomba wangu anaendesha teksi Dar es Salaam. Gari alilinunua likiwa limeshatembea Japani miaka kumi na kitu, na lilishuka bandarini na dashibodi nyeusi, laini, haina hata mkwaruzo. Miaka minne baadaye ukaanza ufa kwenye tundu la kiyoyozi, ukatambaa mpaka juu ya spidomita. Siku moja nimekaa siti ya mbele, akanigeukia: "Anko, wewe si umesomea kemia? Hii kitu naisafisha kila wiki. Mbona imepasuka?"

Nikamuuliza anasafishia nini. Akatoa tambara na chupa ya maji ya kunywa ambayo ndani yake kulikuwa na petroli. "Hii inatoa uchafu wote," akasema.

Ni kweli, inatoa. Tatizo ni kwamba haitoi uchafu peke yake. Kuelewa inachotoa kingine, inabidi turudi Ujerumani mwaka 1872.

Mwaka huo mkemia Eugen Baumann aliiona ajabu ndogo maabara. Gesi ya vinili kloridi iliyokuwa imeachwa juani ndani ya chupa ilikuwa imegeuka kitu kigumu cheupe. Hicho ndicho leo tunakiita PVC, plastiki ileile ya mabomba ya maji. Shikilia hapo kwenye jua, maana litarudi tena baadaye, na safari hiyo halitakuja kwa wema.

Baumann hakuwa na matumizi nayo. Miaka 40 baadaye kampuni ya Kijerumani ya Griesheim-Elektron ilikuwa na shida ya kibiashara: gesi ya asetilini, ile ambayo mafundi wa kuchomelea vyuma wanaitumia, ilikuwa inawashia taa, na balbu za umeme zikawa zinaliua soko hilo. Mkemia wao Fritz Klatte akaitumia asetilini kutengeneza vinili kloridi, na mwaka 1913 akapata hataza ya kuigeuza kuwa plastiki kwa mwanga wa jua. Lakini plastiki yenyewe ilikuwa ngumu, inavunjika, na ukiipasha moto uiumbe inaanza kuoza na kutoa gesi ya asidi. Kampuni ikaachana nayo.

Aliyeiokoa hakuwa anaitafuta. Waldo Semon wa kampuni ya B.F. Goodrich, mji wa Akron, Marekani, mwaka 1926 alikuwa anatafuta gundi ya kubandika mpira kwenye chuma. Katika kuhangaika akaichemsha PVC kwenye kimiminika kizito kisichopotea haraka kwa moto. Ilipopoa akapata kitu kinachokunjika na kudunda kama mpira. Gundi hakikuwa. Inasimuliwa kwamba ili kumshawishi bosi, alitandaza kitambaa kilichopakwa plastiki hiyo juu ya karatasi za mezani kwa bosi, kisha akamwaga maji juu yake. Karatasi hazikulowa. (Mimi nikimfanyia msimamizi wangu hivyo, shahada naisahau.)

Hebu fikiria tambi zilizopikwa zikaachwa zikapoa. Zinagandana, ukizikunja zinakatika. Tia mafuta kidogo, zinateleza. Molekuli za PVC ni nyuzi ndefu kama tambi hizo, na alichofanya Semon ni kuingiza kimiminika chenye mafuta katikati yake. Kimiminika hicho tukiite kilainishi. Kwenye vinili laini, kilainishi kinaweza kufika theluthi moja ya uzito wote au hata zaidi. Na jambo kubwa ni hili: hakijafungwa kikemia na nyuzi. Kimejibanza tu katikati yake. Kikipata joto, muda na njia, kinaondoka.

Vinili ilipata vipi kukaa mbele ya abiria? Magari mengi ya zamani yalikuwa na dashibodi ya chuma kitupu, kama wanavyokumbuka wazee waliopanda Land Rover. Ukigongwa, uso unakutana na bati. Ford walianza kuuza dashibodi yenye sponji kwenye magari ya 1956, ila kama nyongeza ya kulipia. Mwaka 1965 mwanasheria Ralph Nader alitoa kitabu kilichowashambulia watengenezaji kwa kupuuza usalama, mwaka uliofuata Marekani ikatunga sheria ya usalama wa magari, na kuanzia 1968 kukawa na kanuni kuhusu sehemu za ndani ambazo mwili wa abiria unaweza kujigonga. Sponji ikawa kawaida, na sponji inahitaji ngozi ya kuifunika. Vinili ilikuwa rahisi, haipitishi maji, na inapigwa chapa ikafanana na ngozi ya ng'ombe.

Kwa hiyo ngozi ile laini ipo pale kulinda vichwa vya watu, halafu tumeiweka mahali pabaya kuliko pote kwenye gari: chini ya kioo, ikitazama jua. Watafiti waliopima magari yaliyoegeshwa juani Arizona (matokeo yalitoka 2018) walikuta dashibodi imefika wastani wa nyuzi 69 za Selsiasi ndani ya saa moja tu. Kwenye joto hilo kilainishi kinageuka mvuke kidogo kidogo. Ule utando wa mafuta ndani ya kioo cha mbele, unaokupofusha usiku taa za wengine zikikumulika, sehemu yake ni huo. Wakati huohuo mionzi ya urujuanimno inazikata nyuzi zenyewe, klorini inatoka kama asidi, rangi inabadilika. Ngozi inakauka na kusinyaa, huku imebandikwa kwenye sponji isiyosinyaa pamoja nayo. Lazima ipasuke.

Na petroli? Petroli inayeyusha kilainishi. Kila wiki mjomba alikuwa anachota mafuta ya dashibodi yake kwa tambara.

Hapo ndipo dawa za kung'arisha zilipopata soko. Mwaka 1962 Joe Palcher wa California alitengeneza dawa aliyoiita Trid-On. Isome kinyumenyume utapata "no dirt" ya Kiingereza, yaani hakuna uchafu. Alan Rypinski alipata haki zake mwaka 1972, akaipa jina la Armor All. Dawa za aina hii ni mafuta ya silikoni yaliyochanganywa na maji. Silikoni inang'aa kwa sababu inakaa juu. Haiingii ndani kuchukua nafasi ya kilainishi kilichoondoka. Nyingine zimewekewa kinga ya urujuanimno, na hiyo ina faida yake. Lakini mng'ao wenyewe unarudi kwenye kioo mchana, na ukipaka usukani au pedali unajitafutia ajali. Kwa maoni yangu, biashara hii imetufundisha kuchanganya kung'aa na kuwa nzima.

Waliolichunguza tatizo kwa utulivu zaidi ni watu wa makumbusho. Mirija ya PVC kwenye suti za wanaanga wa Apollo ilianza kunata na kubadilika rangi, kilainishi kikitoka nje. Yvonne Shashoua wa Makumbusho ya Taifa ya Denmark alionyesha kwamba PVC laini ikifungiwa mahali ambapo kilainishi hakiwezi kukimbia, inachelewa kuharibika. Gari huwezi kulifungia kabatini. Unachoweza ni kuegesha kivulini, kuziba kioo kwa ndani, na kusafisha kwa maji ya vuguvugu yenye sabuni laini kidogo na kitambaa kisichokwaruza, kisha unakausha. Ufa uliokwishatokea hauzibwi na dawa yoyote ya kupaka.

Viwandani nako wamehama. Kilainishi maarufu cha DEHP, kinachohusishwa na madhara ya uzazi, tangu 2015 kinahitaji kibali maalumu kutumika Ulaya. Dashibodi nyingi sasa zina vilainishi vizito visivyopotea haraka, au plastiki isiyohitaji kilainishi. Ukigonga kwa ukucha ikalia kavu, ko-ko, huenda ni polipropilini, na hiyo haina kilainishi cha kupoteza.

Nilimweleza mjomba yote haya kwenye foleni. Siku hizi juu ya dashibodi ametandika zulia dogo, na akiegesha anaweka boksi kwenye kioo. Chupa ya petroli bado ipo kwenye buti. Anasema ni ya kusafishia plagi.